Kilichomo Ndani ya Maji

Swali la kama kitu kinaweza kuwamo ndani ya kingine bila kuonekana ni kongwe kuliko maabara yoyote, na katika nchi ya Nile Magharibi, kaskazini-magharibi ya Uganda, limewahi kuulizwa juu ya maji kwa namna mbili zilizoachana kwa umri na kwa lugha. Namna ya kwanza ni ya watabiri wa Wakakwa na Walugbara, walioshika kwamba maji fulani yana nguvu ya kumkinga mtu na kumrudishia wafu wake. Namna ya pili ni ya mwanafunzi wa kidato cha nne huko Arua au Koboko, anayefundishwa kwamba maji yana gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, na kwamba umeme ukipitishwa humo gesi hizo hutoka. Kote kuwili linatumika neno moja dogo, "yana", na neno hilo ndilo linalohitaji kuchunguzwa, kwa sababu mtu anaweza kulitamka maisha yake yote asijiulize kama chupa ina mafuta kwa maana ile ile ambayo mbegu ina mti.

Jaribio lenyewe ni jepesi kuliko maelezo yake. Maji hutiwa katika bilauri na kuongezwa magadi kidogo, au matone machache ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kwa kuwa maji safi peke yake hupitisha umeme kwa shida sana. Kisha vipande viwili vya metali, au vya ile kaboni nyeusi inayotiwa ndani ya penseli, hutumbukizwa kila kimoja upande wake na kuunganishwa na betri. Vipande hivyo huitwa elektrodi: iliyoungwa na ncha hasi ni kathodi, iliyoungwa na ncha chanya ni anodi, na majina hayo, pamoja na neno elektrolisisi lenye maana ya kufungua kwa umeme, yaliingizwa katika sayansi na Michael Faraday mwaka 1834. Baada ya sekunde chache kathodi huvaa vipovu vidogo kama shanga, ambavyo hukua vikiwa vimeshika metali, huachia, hupanda juu kwa mstari, na papo hapo vingine hushika nafasi zao. Kwenye anodi vipovu huwa vichache. Mtu akiikinga gesi ya kila upande kwa mrija uliojaa maji na kupinduliwa, ataona ile ya kathodi, yaani haidrojeni, ikijaza mara mbili ya ile ya anodi, yaani oksijeni, ingawa mwanzoni tofauti huzidi hapo kwa sababu oksijeni huyeyuka majini kwa wepesi zaidi. (Anayetumia chumvi ya mezani badala ya magadi hupata kwenye anodi klorini, ambayo ni gesi ya sumu, na mwalimu anapaswa kulisema hilo kabla ya betri kuunganishwa.) Katikati ya bilauri, baina ya elektrodi hizo mbili, maji hubaki yametulia, maangavu, bila kipovu hata kimoja, na utulivu huo ndio uliowasumbua wanafalsafa wa maumbile kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1800, majuma machache baada ya Alessandro Volta wa Italia kuandika barua kuhusu betri yake ya kwanza, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walitia nyaya za betri ya namna hiyo majini wakaona gesi zikitoka. Wengi walichukulia kwamba shauri limekwisha, maana Antoine Lavoisier alikuwa amekwisha kufundisha huko Ufaransa, katika miaka ya 1780, kwamba maji si kitu kisichogawanyika kama walivyoamini wahenga wa Kiyunani, na sasa umeme ulikuwa umeyafungua mbele ya macho ya watu. Lakini nyaya zile zilikuwa zimeachana. Kama umeme unaipasua molekuli, yaani chembe ndogo kabisa ya maji, yenye atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, basi ilitazamiwa vipande vyake vitoke mahali pamoja, kama gogo linavyoacha vipande viwili chini ya shoka moja. Badala yake haidrojeni ilitokea huku na oksijeni ikatokea kule, umbali wa kidole, au wa shubiri nzima ikiwa chombo ni kirefu, na hakuna aliyeona kipande chochote kikivuka.

Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alitoa jibu ambalo leo hutajwa kama kosa, ingawa lilikuwa jibu la mtu makini. Kwa maoni yake maji hayakupasuka kabisa: maji ni kitu kimoja, yakipokea umeme hasi huwa haidrojeni, yakipokea umeme chanya huwa oksijeni, na kwa hiyo hapana haja ya kutafuta msafiri asiyeonekana katikati ya bilauri, kwa kuwa hapana aliyesafiri. Aliweka hata asidi katikati ili kuyatenga maji ya upande mmoja na ya upande wa pili, na gesi zikaendelea kutoka kila moja mahali pake. Mwanafalsafa Hasok Chang, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kinachouliza kama kweli maji ni H2O, ameonyesha kwamba ushahidi wa siku zile haukumlazimisha mtu yeyote kumkataa Ritter, na kwamba wanaosimulia habari hii kana kwamba bilauri ilisema yenyewe wanasahau ni kiasi gani cha fikra kilihitajika kabla vipovu havijawa na maana. Jambo hilo ni la kukumbukwa darasani. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini gesi mbili za molekuli moja zinatoka mahali pawili hajashindwa kuelewa somo. Ameuliza swali ambalo kitabu chake kimeliruka.

Njia ya kutoka ilianza kuonekana mwaka 1806, pale Theodor Grotthuss, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 na kitu, alipopendekeza kwamba hakuna kipande kinachosafiri safari nzima. Mfano ulio karibu ni wa watu wanaojenga wakipanga mstari kutoka lundo la matofali hadi ukutani, ambapo kila mmoja humkabidhi jirani tofali alilonalo na kupokea jingine, hata tofali likafika ukutani pasipo mtu kuondoka mahali pake. Ndivyo, alivyodhani yeye, molekuli za maji zinavyopokezana sehemu zao kutoka elektrodi hadi elektrodi, na katikati hapaonekani kitu kwa sababu kila kinachoachwa hushikwa papo hapo. Alikosea katika jambo moja, kwa kuwa aliamini umeme ndio unaouvunja mstari mzima. Mwaka 1857 Rudolf Clausius alieleza kwamba, kama ingekuwa hivyo, msukumo mdogo usingesogeza chochote mpaka utoshe kuvunja molekuli, ilhali ndani ya kimiminika hata msukumo mdogo sana husogeza chembe zenye umeme. Palibaki hitimisho moja lililokuwa gumu kumeza: baadhi ya molekuli zilikuwa zimekwisha kuachana kabla betri haijaunganishwa. Svante Arrhenius wa Uswidi alilijenga wazo la namna hiyo likawa nadharia kamili ya ioni, yaani chembe zenye umeme zinazozurura ndani ya miyeyusho, katika miaka ya 1880.

Leo inajulikana kwamba katika maji safi yenye joto la kawaida, molekuli moja katika kila milioni 555 hivi imeachana kwa wakati wowote ule: haidrojeni moja imeiacha nyuma elektroni yake, yaani chembe ndogo yenye umeme hasi, na kuondoka kama protoni, ikarukia molekuli ya jirani, na kilichobaki ni jozi ya oksijeni na haidrojeni yenye umeme hasi, iitwayo ioni ya haidroksidi. Molekuli yoyote iliyochaguliwa ingengoja kwa wastani muda wa saa kama 11 kabla ya kuachana hivyo yenyewe. Lakini protoni iliyokwisha kuachwa huru haitulii, hukabidhiwa kutoka molekuli hadi molekuli kwa muda unaopimwa kwa sehemu za trilioni za sekunde, kama tofali la Grotthuss. Maji yaliyotulia katika mtungi, kwenye giza la nyumba ya udongo, yana shughuli hiyo usiku kucha.

Basi kinachofanywa na betri ni nini? Kwenye kathodi elektroni humiminika kutoka metali na kuyakabili maji. Katika molekuli iliyogusa metali kiungo kimoja hulegea, atomi ya haidrojeni hubaki imeshika uso wa metali na haidroksidi hujitenga na kwenda zake, kisha atomi mbili za haidrojeni zilizotoka katika molekuli mbili tofauti hukutana juu ya uso huo, huungana, na wingi wake huwa kipovu. Kwenye anodi kazi ni ngumu zaidi, na ndiyo maana huko ndiko nguvu nyingi inakopotelea: molekuli hunyang'anywa elektroni moja moja, hatua kwa hatua, nne kwa jumla kabla ya oksijeni mbili kushikana na kuondoka kama gesi, na protoni nne huachwa majini. Kati ya pande hizo mbili ioni husogea ili hesabu ya umeme isivurugike. Lililo kubwa katika maelezo haya, na ambalo michoro ya ubaoni karibu daima hulificha, ni kwamba haidrojeni inayopanda upande huu na oksijeni inayopanda upande ule kwa wakati mmoja hazikuwa za molekuli moja. Hakuna molekuli iliyokatwa nusu kwa nusu ikatupwa pande mbili. Mifano ya shoka na gogo ilipotosha tangu mwanzo, na Ritter alikuwa na haki ya kuikataa, ingawa alichokiweka mahali pake hakikudumu.

Hapa inafaa kusimama na kuangalia fikra ya wenyeji wa nchi hii juu ya kitu kimoja chenye pande mbili. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kati ya Walugbara tangu mwaka 1949 na kuandika kitabu juu ya dini yao mwaka 1960, aliandika kwamba Mungu kwao alitambuliwa kwa namna mbili: Adroa, aliye mbali mbinguni, muumba wa watu, asiyeonekana, na Adro, aliye karibu, akaaye kando ya mito na vijito, wa kuogofya, ambaye wasimulizi walimweleza kama mtu mrefu mweupe aliyekatwa nusu, mwenye jicho moja na mguu mmoja, arukaye kwa mguu huo. Ingekuwa uchoyo wa fikra kulisoma simulizi hili kama elimu ya maumbile iliyoshindwa. Lilikuwa likishughulika na tatizo lenye uzito: kinawezekanaje kitu kilicho kimoja kukutana na watu kwa nyuso mbili, moja ya rehema iliyo mbali na moja ya hatari iliyo mtoni, bila kuwa vitu viwili? Nusu ile, kwa walioieleza, haikuwa kipande kilichomeguka kutoka kwa Adroa, kana kwamba mbinguni kulibaki nusu nyingine. Ilikuwa namna ambavyo yule mzima huonekana mahali fulani. Fikra kama hiyo, ya kwamba sura inayojitokeza mahali si sehemu iliyokuwa imefichwa humo, ndiyo aliyoikosa mtu wa shoka na gogo.

Wanafalsafa wa Kiyunani na wa Kiislamu waliligusa jambo hilo hilo kwa istilahi zao. Aristotle alifundisha kwamba vitu vikiungana kweli kweli, vile vilivyoungana havibaki ndani kwa utendaji, yaani haviendelei kuwa vyenyewe humo, bali vimo kwa uwezekano tu, na vinaweza kupatikana tena. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, hakuridhika, akashika kwamba maumbo ya asili hubaki kamili na ni sifa zake tu zinazofifia. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, akasema maumbo yenyewe hupungua. Na Thomas Aquinas, katika karne ya 13, akarudi karibu na Aristotle kwa kusema kwamba asili hizo zimo kwa nguvu zake, si kwa kuwapo kwake. Mabishano haya huonekana kama ya watu wenye nafasi nyingi, mpaka mtu ajaribu kusema waziwazi kama gesi ya haidrojeni imo ndani ya maji ya mto Enyau, ambao mji wa Arua hunywa. Gesi ya haidrojeni huwaka. Maji huzima moto. Oksijeni huchochea moto, maji huuzima. Atomi zimo, bila shaka, na zinaweza kuhesabiwa na kupimwa. Gesi hazimo, na anayesema zimo amelipa neno "yana" maana ya chupa na mafuta mahali palipostahili ile ya mbegu na mti.

Waislamu wa Koboko na wa mji wa Arua wana kipimo kingine cha kulitambua jina la maji, na kinastahili kuwekwa kando ya kile cha kemia bila kudharauliwa. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za ibada, maji ya kutawadhia yanatakiwa yawe maji mutlaki, maana yake yanayoitwa maji bila kuongezewa jina jingine, na hutazamwa rangi, ladha na harufu yake ili kujua kama yamebadilika. Gesi mbili zilizokingwa katika mirija, hata zikiwa na atomi zote na uwiano wote wa mbili kwa moja, hakuna anayeweza kutawadha nazo. Na ubatizo wa kanisani nao unataka maji ya kweli, ya kumwagika juu ya kichwa cha mtoto. Kanuni H2O hutaja viungo na idadi yake, lakini umaji, kama neno hilo linaruhusiwa, umo katika namna viungo hivyo vinavyoshikana, na katika kule kuachana na kurudiana kusikokoma kati ya molekuli na jirani zake. Molekuli moja iliyotengwa peke yake hailowanishi kitu.

Limebaki swali la nguvu, na hilo katika nchi hii lina historia iliyomwaga damu. Baada ya ugonjwa wa sotoka kuangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890 na baada ya wageni wenye bunduki kuingia, Walugbara walipata kutoka kwa Wakakwa maji yaliyoitwa Yakan, ambayo wengine waliyaita maji ya Allah. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mtabiri Mkakwa aliyeitwa Rembe aliyagawa kwa watu, wakaambiwa kwamba atakayeyanywa hatadhurika kwa risasi, kwamba wafu na ng'ombe watarudi, na kwamba kodi ya serikali haitalipwa tena. Rembe aliuawa na serikali huko Yei mwaka 1917, na mwaka 1919 wafuasi walipambana na askari na watu wakafa. Miaka michache kabla, kati ya 1905 na 1907, Tanganyika ya kusini ilikuwa imepita njia hiyo katika vita vya Maji Maji, ambako maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yaliaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Ni lazima kusemwa bila kuzunguka kwamba ahadi ya risasi haikuwa kweli na kwamba ukweli huo ulilipwa kwa maisha ya watu. Hata hivyo maji ya Yakan yalifanya jambo moja ambalo halikuwahi kufanywa kabla yake: koo zisizo na mfalme, zilizozoea kulipizana visasi, zilikunywa pamoja zikasimama pamoja. Nguvu hiyo ilikuwapo kweli. Kosa lilikuwa kuitafuta ndani ya maji, ilhali ilitiwa humo na wale walioyanywa.

Kosa la aina hiyo hiyo hurudi leo kwa mavazi ya sayansi, kila mtu anaposikia kwamba maji yana haidrojeni, kwamba haidrojeni ni mafuta safi, na kwamba kwa hiyo mito ya Nile Magharibi ni mafuta yasiyoisha. Chini ya msukumo wa volti 1.23 gesi hazitoki, hata mtu angengoja mwaka. Kilo 9 za maji hutoa kilo 1 ya haidrojeni na kilo 8 za oksijeni, na kazi hiyo hudai si chini ya uniti 39 za nishati, na kwa mitambo ya kweli uniti 50 na zaidi za umeme, wakati haidrojeni ile ikichomwa hairudishi zaidi ya zile 39. Mtambo wa Nyagak karibu na Paidha, uliojengwa kutoa megawati 3.5 kwa maji yanayoteremka bondeni, ungefanya kazi saa nzima kwa nguvu zake zote ili kupata haidrojeni isiyozidi kilo 70. Huko maji yanayoanguka ndiyo yangekuwa yakilipia maji yanayopasuliwa, na yale yanayoanguka nayo yaliinuliwa mawinguni na jua. Kila mwembe ulioko Arua hufanya kazi hiyo hiyo mchana kutwa bila nyaya, kwa kuwa oksijeni itokayo katika majani hutoka kwenye maji, iliyofunguliwa kwa mwanga, na jani nalo, kama ile anodi, huchukua elektroni nne, moja baada ya moja.

Gesi za mirija miwili zikichanganywa tena kwa uwiano ule ule, katika kiasi kidogo, na kuguswa kwa cheche, hulipuka kwa mlio mkali wa ghafla, na nishati iliyobaki ndani yake tangu zilipotenganishwa hutoka yote kwa mara moja. Mwenye kuusogeza mrija karibu na jicho baadaye ataona ukungu mwembamba kwenye ukuta wa kioo wa ndani, na ukungu huo ni maji. Swali la kama ni maji yale yale yaliyokuwa katika bilauri asubuhi lina jibu la kushangaza. Hakuna atomi inayobeba alama ya jirani yake wa zamani, na hata kama betri isingeunganishwa, na maji yale yakaachwa katika Enyau kama yalivyotekwa, kila haidrojeni ingekuwa imekwisha kuiacha oksijeni yake na kushika nyingine, na tena nyingine, mara nyingi ndani ya muda wa kupepesa jicho.